Mteremko Uko Sawa

Bomba la maji ya mvua nyuma ya nyumba yetu lilikuwa la saruji, la zamani. Mizizi ya mti iliingia kwenye maungio ikifuata unyevu, ikanenepa humo humo mpaka bomba likapasuka. Tangu hapo, mvua ikinyesha kidogo tu, ukuta wa jikoni unalowa hadi ndani.

Shemeji alipoliona akasema, "Wala usiite fundi, hii ni kazi ya siku moja." Shemeji si fundi. Ila ana pimamaji, na mtu mwenye pimamaji mkononi habishiki.

Tulichimba. Yaani mimi nilichimba, yeye akapima. Alitaka mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita, na hapo sina neno, kipimo hicho kinakubalika. Tatizo ni "punguza hapo kidogo", kisha "umezidisha, rudishia", kisha kimya kirefu huku amefumba jicho moja. Udongo ule ule niliutoa na kuurudisha mpaka nikawa naujua.

Tukalaza mabomba ya plastiki ya milimita 110. Gundi yake haikupi nafasi ya kufikiri: ukishachomeka, umeoa. Zamani maji yalishuka kutoka kwenye gata yakadondokea shimo lenye wavu, ndipo yaende mtaroni. Shemeji akasema wavu ni wa nini, unaingiza majani tu. Akaunganisha moja kwa moja kutoka kwenye gata hadi mtaroni, kila ungio gundi, hakuna hata pa kupumulia. Kabla ya kumwaga zege kwenye mdomo wa chini, akausindilia kitambaa ili zege lisiingie. Mafundi wote hufanya hivyo. Mafundi wote pia hukitoa.

Jioni hiyo shati langu la mistari, lile la harusini, halikuonekana kwenye kamba ya nguo. Nilihoji nyumba nzima. Mwanangu alinuna kwa kushukiwa, mke wangu akaniambia nitazame kwanza chini ya kitanda. Shemeji alinisaidia kutafuta kwa moyo mmoja, hata pole akanipa.

Kisha mvua ikaja, si manyunyu. Upande ule wa paa una kama mita za mraba 50, kwa hiyo milimita 20 tu za mvua ni lita 1,000, na zote njia yao ni moja. Tukakaa barazani kuangalia kazi yetu. Mtaroni hakikutoka kitu. Gata likajaa, likaanza kumwagika mbele ya dirisha la jikoni.

"Kaka," mke wangu akasema bila kugeuka, "huo mteremko..."

"Mteremko uko sawa."

Akavua viatu, akaingia mvuani, akainama kuchungulia mdomo wa bomba.

Maji yakisimama ndani ya bomba kimo cha mita 3, kizibo kilichoko chini kinasukumwa kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 25 hivi. Hesabu hiyo niliipiga baadaye. Wakati ule nilisikia "pwaa!", na pale alipokuwa Shemeji pakawa pana maji matupu.

Tulimkuta amekaa kitako mtaroni, shati la mistari limemfunika uso wote, mkono mmoja umemzunguka shingo kana kwamba wanaagana, na maji yanampitia kifuani kwa kasi.

"Baba, shati lako!" mwanangu akapiga kelele, kwa furaha ambayo mimi sikuipenda.

Shemeji akalibandua usoni taratibu. Akatema jani. Akayaangalia maji yanavyokimbia, kisha akaninyooshea kidole.

"Si unaona?" akasema. "Nilikwambia mteremko hauna kasoro."