Ghafla ya wapi?

Mwandishi, kwenye habari yenu umesema mwigizaji Lupita Nyong'o "aliibuka ghafla" na tuzo ya filamu ya Oscar ya 2014. Jamani! Kazaliwa Mexico 1983, kakulia Kenya, na akiwa na miaka 14 alishacheza Juliet, wa tamthilia ya Romeo na Juliet, jukwaani Nairobi. Baadaye akafanya kazi nyuma ya kamera kwenye filamu za watu, ile ya kutumwa huku na kule. 2009 akaonekana kwenye tamthilia ya televisheni ya Shuga. Kisha akasomea uigizaji Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, akamaliza 2012. Binti yangu hapa Ujiji yumo kwenye kikundi cha maigizo. Juzi kasoma habari yenu, leo hataki mazoezi, eti anasubiri bahati.