Makapi ya migodi shambani: chokaa ndiyo, slagi hapana

Mchanga hauna kitu cha kushikia mbolea. Mwagilia tuta la lengalenga (mchicha), geuka kidogo, maji yamekwisha kuzama, na mbolea uliyoinunua kwa shida imeteremka nayo mizizi isikofika. Wanaolima mchanga wa Biano, nyanda za juu za Katanga, wanalijua hilo. Ndiyo maana wazo la kutengeneza udongo kwa makapi ya migodi linavutia hapa Lubumbashi, mji usiokosa makapi.

Wanaolitetea hutaja Australia Magharibi. Ni kweli, huko mabaki mekundu ya boksaiti, mawe yanayotolewa alumini, yalitandazwa kwenye mashamba ya mchanga eneo la Peel-Harvey. Yamejaa chuma na alumini zinazonasa fosforasi, nayo hupunguza asidi ya udongo. Fosforasi iliyokuwa ikisombwa na mvua na kulisha mwani majini ikabaki zaidi shambani.

Lakini boksaiti si shaba. Kilima chetu cheusi cha slagi, yaani mabaki ya kuyeyushia madini, kilitoka kwenye kiwanda kilichoanza kuyeyusha shaba 1911, na kobalti iliyobaki humo imewafanya watu warudi kukichakata upya. Mtaa wa Penga Penga, moshi wa kiwanda hicho ulikoelekea, udongo ulijaa metali hata miti ikatoweka. Utafiti uliochapishwa 2009 ulikuta kobalti nyingi katika mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Kadimi, metali yenye sumu, ndiyo inayonitia hofu kuliko zote: huweza kupanda hadi kwenye majani na mboga ikabaki mbichi, inang'aa. Mama anayenunua fungu sokoni kwa ajili ya bukari ya jioni ataijuaje?

Slagi na tope la kuchenjulia shaba visiingie shambani kabisa. Cha kutumia ni vumbi la chokaa, na mawe yake yako Kakontwe, Likasi. Udongo wetu una asidi. Chokaa huipunguza, na shaba iliyomo haiingii mizizini kwa urahisi. Wataalamu wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walitumia chokaa na mboji Penga Penga ili mimea ishike tena. Mchangani chokaa peke yake haitazuia maji, lazima samadi iwepo, na udongo wa mfinyanzi ukipatikana karibu.

Hata vumbi hilo la chokaa lipimwe. Kampuni inayomletea mkulima lori la bure itoe kwanza karatasi ya maabara inayoonyesha kobalti, risasi, kadimi, aseniki na urani. Mavuno ya kwanza nayo yapimwe kwa gharama ya kampuni hiyo, kabla mboga hazijafika sokoni.