Mwanga, Shaba na Mwani wa Ghuba ya Winam

Anayesimama Dunga, ufukwe wa Kisumu kwenye Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujaamka, huona ukijani uliotanda juu ya maji, na chini yake tu tope linaloletwa na mito kama Nyando. Ndani ya maji hayo hayo, basi, upo mwani unaopigwa na jua la ikweta na upo mwani unaoishi gizani, na wote hukutana na shaba, zinki na risasi zinazosombwa na mvua na maji taka kutoka mjini. Je, mwanga huuzidishia mwani huo madhara ya metali nzito au huukinga?

Wanaosema huzidisha wana hoja nzito, hasa kuhusu shaba. Shaba hushambulia sehemu ya kloroplasti (kiungo cha seli kinachofanya usanisinuru) inayotumia nishati ya jua kupasua maji wakati wa usanisinuru. Sehemu hiyo ikizibwa, mwanga unaoendelea kufyonzwa hukosa kazi, ukazalisha oksijeni kali inayoharibu utando wa seli. Jua kali hujeruhi sehemu hiyo hata pasipo sumu, ila seli huikarabati mfululizo, na shaba huvuruga ukarabati huo.

Hata hivyo, kivuli nacho si salama. Mtafiti Hendrik Küpper na wenzake, waliochunguza mimea ya majini katika miaka ya 1990 na baadaye mwani, walionyesha kwamba kwenye mwanga hafifu shaba huweza kuchukua nafasi ya magnesiamu ndani ya klorofili, rangi ya kijani inayonasa mwanga. Seli hubaki kijani ilhali haifanyi kazi tena. Jambo hili linanitia wasiwasi kuliko yote, kwa sababu ngege hula mwani, nasi tumezoea kupima uhai wa maji kwa rangi yake.

Upande wa pili, unaosema mwanga hukinga, nao una ukweli wake. Mwanga huipa seli nishati ya kutengeneza peptidi, yaani vipande vidogo vya protini, zinazofunga kadimiamu, metali nyingine nzito, na seli zinazogawanyika haraka hugawana metali zilizokwisha kuingia. Aidha, usanisinuru wa mchana hupandisha pH (kipimo cha uasidi, ambacho hupanda uasidi unapopungua), pengine kupita 9, na ioni huru za shaba, yaani shaba isiyofungwa na kitu kingine, hupungua sana majini. Lakini hoja hii ya pH naiona nusu tu, kwani ioni za hidrojeni zinapopungua, hizo chache za shaba zilizobaki hupata njia rahisi zaidi ya kujishika kwenye seli.

Kwa shaba, mimi naegemea upande wa kwanza, hasa pale upepo wa alasiri unapovuruga maji na kuzirusha juani ghafla seli zilizozoea giza. Mwongozo namba 201 wa OECD, Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, hupima mwani kwa saa 72 chini ya mwanga wa maikromoli 60 hadi 120 za fotoni kwa mita mraba kwa sekunde, ilhali jua la adhuhuri Kisumu huweza kukaribia 2,000. Maabara zinazopima maji ya ghuba zingefaa kurudia kipimo hicho kwa mwanga wa juu na wa chini, zikipima usanisinuru wenyewe badala ya kiasi cha klorofili peke yake.