Jeni tatu za mbwa hazitoshi kueleza nywele

Mwaka 2009 watafiti waliochunguza mbwa wa aina 80 hivi walitoa jibu lililopendwa mno: jeni tatu tu, FGF5, RSPO2 na KRT71, zinaeleza sehemu kubwa ya tofauti za manyoya ya mbwa wa nasaba safi. Moja inahusika na urefu, nyingine na masharubu na nyusi nene, ya tatu na mikunjo. Tangu hapo wapo wanaoona nywele kuwa kazi ya swichi chache.

Wana hoja. Unywele hauoti mfululizo: huota, husinyaa, hupumzika, kisha hudondoka. FGF5 ndiyo inayotoa amri ya kuacha kuota. Ikiharibika, amri huchelewa na unywele huzidi kurefuka. Hilo lilithibitishwa kwa panya mwaka 1994, likaja kuonekana kwa paka, mbwa, hata kwa watu wachache wenye kope ndefu kupita kiasi. Ushahidi wa namna hiyo haupuuzwi.

Ila mbwa si shahidi wa kutegemewa sana hapa. Wafugaji walichagua kwa macho, na jicho huona badiliko kubwa. Madogo yakapita bila kutambuliwa. Kwa binadamu, ambaye hakuzalishwa na mfugaji, picha ni nyingine kabisa. Uchunguzi wa mwaka 2017 kuhusu upara, uliohusisha wanaume wapatao 52,000 wa Uingereza, ulikuta maeneo zaidi ya 250 ya DNA yanayohusika.

Hata hiyo KRT71 inayoitwa jeni ya mikunjo inanitia shaka. Paka wa Devon Rex ana manyoya ya mawimbi kwa sababu ya hitilafu katika jeni hiyo. Sphynx, yule paka anayeonekana kama hana manyoya, naye ana hitilafu katika jeni hiyohiyo, ila mahali pengine. Kazi yake hasa ni kutengeneza keratini, protini ngumu, ya ala, yaani mfuko unaoubana na kuufinyanga unywele ukiwa bado ndani ya ngozi. Ala ikilegea kidogo, unywele hupinda. Ikiharibika zaidi, unywele hukatika. Mikunjo ni matokeo tu.

Tena jeni hizi mara nyingi zina kazi nyingine mwilini. Hitilafu ya jeni nyingine, FOXI3, inayowaacha mbwa wa Meksiko bila manyoya huwapunguzia na meno, na kijusi kinachorithi nakala mbili zenye hitilafu hiyo hakiishi.

Mwaka 2025 kampuni ya Colossal ya Marekani ilitangaza panya wenye manyoya marefu ya dhahabu, baada ya kuhariri jeni saba, FGF5 ikiwamo, kwa kumlenga mamothi, mnyama wa jamii ya tembo mwenye manyoya aliyetoweka zamani. Wapenda swichi walishangilia, na kwa upande wa sura walikuwa na haki. Lakini manyoya ya mamothi yalikuwa ya kuzuia baridi, na wakati wa tangazo hilo hapakuwa na kipimo chochote kilichoonyesha kwamba panya hao wanaistahimili kuliko wenzao.