Nusu Eka ya Mzee wa Reli

Nusu eka ni hatua 50 kwa 50. Tabora hesabu hiyo anaijua kila aliyewahi kulima tumbaku au kukodi shamba la mahindi, na anajua pia kwamba eka nzima ni 70 kwa 70. Kisichosemwa ni hatua za nani. Mtu wa hatua ya sentimita 90 akipima, nusu eka yake inatoka mita za mraba 2,025, na hiyo ndiyo nusu eka ya haki. Wa sentimita 70 anapata mita 1,225, kiwanja cha kujenga na kufuga kuku. Mjukuu wa Mzee wa Reli, golikipa wa timu ya mtaa ambaye milango yote anaingia ameinama, anameza sentimita 115 kwa hatua moja. Nusu eka yake ni mita za mraba 3,306.

Mzee ana wajukuu wengi. Siku ya kupima kiwanja chake cha Cheyo alimtuma huyo.

Majibu yakapigiwa simu kwa binamu yangu, mwenzangu katika kazi ya kukata nyasi, ambaye hawezi kupokea simu bila kutaja bei. Mzee akasema, "Nusu eka, nyasi za kawaida." Binamu, mdomo umejaa muhogo, akasema, "Elfu arobaini." Wakakubaliana pale pale, wakaagana kwa heshima zote.

Hiyo elfu arobaini haikuokotwa. Bei ya kukata nyasi kwa mashine ya begani huanzia kwenye saa, si kwenye eneo. Mashine ya injini ya cc 52 ikikatishwa kazi nzito hunywa karibu lita moja kwa saa. Chukulia petroli ni shilingi 3,000 ili hesabu iwe nyepesi (EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, hutangaza bei kikomo kila mwezi, na bei yako ifuatane nayo), ongeza oili ya kuchanganyia shilingi 400, umefika 3,400. Uzi, grisi ya kichwa cha gia na plagi, weka 600. Mashine yenyewe, kama uliinunua 350,000 na unategemea ikufanyie kazi saa 500, kila saa inakula 700 ya uhai wake. Mkataji 4,000, mkusanyaji mwenye reki 2,000. Jumla 10,700. Tunatoza hesabu ya 14,000 kwa saa, na hiyo 3,300 inayobaki watu huiita faida. Si faida. Tabora mvua ni Novemba mpaka Aprili, na kuanzia Juni nyasi zimekauka zinajikatia zenyewe. Hiyo 3,300 ndiyo ugali wa Agosti.

Mteja lakini hataki kusikia saa. Ukimwambia unatoza kwa saa atakaa kibarazani akuhesabie kila ukinywa maji. Kwa hiyo saa inageuzwa kuwa mita. Nyasi zisizofika goti, mashine inamaliza mita za mraba 700 kwa saa, sawa na shilingi 20 kwa mita. Za kati ya goti na kiuno, mita 400, shilingi 35. Zinazopita kiuno, mita 280, shilingi 50. Popote utakapozidisha unarudi kwenye 14,000. Nusu eka ya haki yenye nyasi za chini ya goti ni 40,500, na binamu alishampunguzia mzee mia tano ya muhogo.

Tulipofika na guta, nyasi za kawaida zilikuwa zimemficha mbuzi. Tulijua yumo kwa sababu alikuwa anakohoa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Ingieni, kazi ndogo hiyo, saa nne mmeondoka."

Nikatoa futi ya mita 50. Mzee akaiangalia futi kwa macho ya mtu aliyeletewa polisi. Tukapima: mita 58 kwa 57, zaidi ya robo tatu ya eka. Nyasi nyingi kati ya goti na kiuno, kundi la shilingi 35. Hesabu ikasoma 115,710. Kwa elfu arobaini tungekata zaidi ya saa nane, petroli na oili peke yake karibu 28,000, na 12,000 inayobaki tugawane watu wawili, mashine na mwenye guta.

Hapo mzee akatoa silaha yake. Yeye ni Mzaramo, reli ilimleta Tabora ikamwacha, na Mzaramo ni mtani wa Mnyamwezi.

"Wanyamwezi wa siku hizi mmeharibika. Babu yako alibeba pembe kwa miguu mpaka Bagamoyo na hakuna aliyemsikia akitaja mita."

Nikamwambia, "Mzee, babu yangu mzigo wake ulipimwa uzito kwa frasila kabla hajanyanyua. Haukukadiriwa kwa simu. Na alilipwa kwa kitambaa, doti za merikani."

Mzee akacheka mpaka akashika nguzo. Kucheka si kukubali. Bei ikabaki inaning'inia, akasema tuanze tutaelewana mbele, maneno ambayo kwenye biashara hii yana gharama kuliko petroli. Kwa kawaida nusu ya fedha inashikwa kabla kamba ya mashine haijavutwa. Lakini binamu alikuwa ameshaanza kuchanganya mafuta.

Mashine ya aina hii haina oili yake ya injini pembeni. Inategemea ile iliyomo kwenye petroli, na ukiisahau, pistoni inashika na injini inanoki kabla ya chai. Ya kwetu ni moja kwa 25, yaani mililita 40 kwa kila lita. Tunatumia chupa ya maji ya lita moja na nusu na bomba la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa, mabomba matatu kwa chupa, kisha unatikisa. Chupa iandikwe kwa rangi. Ya kwetu iliandikwa kwa kalamu ya kawaida, na petroli huipenda sana wino.

Binamu akavaa mashine. Mkanda wa begani huja na kibanio cha kufyatua, ukivuta kipande chekundu mashine inadondoka yote kwa mara moja. Kibanio chetu kilivunjika wakati wa masika, na binamu, ambaye hapendi kuona kitu kimekaa bila kazi, alikibadilisha kwa waya wa kufungia nondo.

Akaanza vizuri. Nyasi hizi ni zile za kuezekea, mabua yake magumu, uzi unakatika-katika tu, kwa hiyo bladi ya meno matatu. Unafagia kutoka kulia kwenda kushoto, kwa sababu bladi inazunguka kinyume cha saa na nyasi zinalala kushoto, pale ulipokwisha kukata. Watu wakae mita 15. Mzee alikaa mita tatu, kusimamia.

Kabla ya kukata unapita kwanza na fimbo ukipapasa, maana nyasi za kufika kiunoni ni stoo. Nilitoa ringi ya baiskeli, ndala za kushoto tupu, kiti cha plastiki alichokuwa amekitafuta bibi tangu mfungo. Kilichonipita ni chandarua. Kilizungushiwa mchicha zamani, mchicha ukaisha, chandarua kikabaki. Bladi ikakikuta. Chandarua hakikatiki, kinajiviringa kwenye shafti ya bladi mpaka mashine inalia kwa sauti nyembamba na kuzima. Ukilazimisha kuiwasha unaunguza klachi. Zima, chomoa kofia ya plagi, fungua nati ya bladi (inafunguka kwa kuzungusha kulia, wengi huikaza wakidhani wanaifungua), kisha kaa chini na wembe utoe uzi mmoja mmoja. Mzee akauliza kama muda huo nao unalipiwa.

Tulipoendelea tukamkuta kuku anaatamia. Bibi akatoka jikoni akasema huyo asiguswe, ana mayai kumi na moja na jogoo aliyemzalisha ni wa kuazima. Tukamwachia kisiwa cha mita mbili kwa mbili. Mzee akatoa karatasi mfukoni akaandika: pungufu mita nne.

Kona ya mwisho ilikuwa na mwembe. Tabora mwembe si habari. Habari ilikuwa juu ya mwembe, mzinga wa gome, umelala kwenye tawi kwa amani. Nikamwuliza mzee kama una nyuki. Akasema, "Wapo, lakini wale ni wa hapa hapa nyumbani."

Nyuki wa kwetu hawana wa nyumbani. Mngurumo, moshi wa mashine na harufu ya majani mabichi yaliyokatwa vinawaudhi, na akishachoma wa kwanza mwiba wake unaacha harufu inayowaita wenzake. Harufu hiyo inafanana na ndizi mbivu. Nilikuwa namwonyesha binamu kwa mikono kwamba arudi nyuma, yeye na zile ndude za masikioni akaelewa kwamba nasema asogee. Akasogea. Kisha akapunguza kidogo mwendo, akanusa, akaniuliza kwa sauti ya furaha, "Nani anakula ndizi?"

Aliyekimbia kwanza ni mzee. Miaka sabini na kitu, magoti yanauma, na alinipita mimi kabla ya kisima. Mbio zake naziheshimu mpaka leo: alivuta shati juu ya kichwa, akaenda mstari ulionyooka, akaingia ndani akafunga mlango. Ndivyo inavyotakiwa. Hupungi mikono, huzunguki mti, huruki kwenye maji, maana nyuki wanasubiri juu utoke kuhema. Kosa moja tu alilofanya ni kuufunga mlango kabla yetu.

Mimi nikaingia jikoni kwa bibi. Binamu akavuta kibanio kile chekundu, akakuta waya. Akavuta tena. Akazunguka nyumba na mashine begani, bladi mbele, akipiga kelele za kuomba koleo. Hakujikata kwa sababu moja: ukiachia akseli, mwendo ukashuka, klachi inaachia na bladi inasimama hata injini ikiwa hai. Lakini sauti ilikuwa hai, na sauti ndiyo iliyokuwa inawaudhi, kwa hiyo alikuwa anakimbia huku amembeba yule wanayegombana naye. Mzunguko wa pili bibi akatoa kichwa dirishani akamwambia azime. Kitufe kiko chini ya kidole gumba. Akazima, akaona geti, akalisukuma, akatoweka kuelekea barabarani na vazi lake lote.

Mwiba wa nyuki unaukwangua upesi kwa ukucha au kadi, kwa sababu kifuko cha sumu kinaendelea kusukuma hata mwenyewe akiwa ameondoka. Mtu akianza kuvimba midomo au kubanwa pumzi, hospitali, na hapo hakuna kujadili bei. Binamu alivimba sikio na kope tu. Alirudi jioni anaona kwa jicho moja, akakuta mjadala umeshaanza.

Geti alilolisukuma lilibaki wazi, na mbuzi wa mtaa waliingia. Mzee, aliyekuwa akiangalia kwa dirisha, alidai mbuzi wamekata robo ya kazi, kwa hiyo robo ya fedha itolewe. Nikashika futi tena. Mbuzi hali mabua ya kuezekea ikiwa kuna kitu kingine, na kitu kingine kilikuwepo: matuta mawili ya mchicha mpya wa bibi. Bibi alipoyaona, hoja ya robo ilikufa ghafla, ikaja hoja ya mchicha, na ya pili ilikuwa na nguvu.

Sehemu ya chini ya mwembe, mita 300, tulirudi kuimaliza giza linapoingia, na fyekeo, bila injini, tumejifunika, mjukuu golikipa ameshika moshi wa majani mabichi. Hiyo ni bei nyingine, shilingi 50 kwa mita, hata nyasi ziwe za goti. Binamu akaandika risiti kwa jicho lake moja:

Mita 3,000 kwa 35, shilingi 105,000.
Chini ya mwembe, fyekeo, 15,000.
Kisiwa cha kuku, bure.
Makato, mchicha wa bibi, 6,000.
Jumla 114,000.

Mzee aliisoma risiti mara mbili, akamwita mjukuu aisome kwa sauti, akamtukana Mnyamwezi kwa ujumla wake, akahesabu laki moja taslimu. Kuhusu 14,000 akasema sisi ni watoto wake, na mtoto halipwi fedha tupu. Atatupa asali ya mzinga ule ule uliotusumbua, lita moja na nusu, na bei ya asali ya Tabora tunaijua wenyewe. Tuliijua. Tukakubali haraka kabla hajapima upya.

Akaingia ndani akakaa muda mrefu. Akatoka na chupa imejaa, nzito, rangi ya chai, akamkabidhi binamu kwa mikono miwili. Binamu akashukuru, akaifungua, akatia kidole, akaonja. Uso wake uliovimba ukakunjamana upande uliokuwa bado unakunjamana.

"Mzee, chupa hii umeitoa wapi?"

"Hapo chini ya kibaraza. Niliona ni tupu, safi, haina hata maandishi."

Bibi akanusa, akasema hiyo haiingii kwenye chai. Nami nikamwambia haiingii kwenye tanki pia, itaziba kabureta. Tukaomba tubadilishiwe. Mzee akakataa katakata. Asali ameitoa, imepimwa, lita moja na nusu kamili kwa chupa yetu wenyewe. Kama ndani yake kuna mafuta, hayo ni yetu, na hatatudai.