Busu la Kidato cha Tatu

Miye mtoto wa Mkunazini, Unguja. Vichochoro nimezaliwa navyo. Kwa hiyo mke wangu aliponambia, "Baba Salma, likizo hii tunakwenda Guanajuato, Meksiko, mji wa kale, vichochoro kama vya kwetu," nikasema hewala. Kutoka Houston tunakoishi si mbali, na kwa vichochoro nani wa kunifundisha?

Hakunambia kwamba vya kwao vimesimama wima.

Mji wenyewe umo bondeni, umebanwa na milima, halafu uko kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mtu wa pwani ukipanda ngazi kumi unahema kama uliyefukuzwa na mbwa. Hata kuufikia ni kasheshe. Zamani mto ulipita katikati yake, ukawa unafurika, wakauhamisha. Palipopita maji sasa yanapita magari, chini kwa chini. Teksi ikatushusha ndani ya handaki. Handakini, bwana! Dereva akanyoosha kidole juu: hoteli. Simu haina mtandao, mabegi manne, na matatu yamejaa nguo za mtu mmoja ambaye simtaji.

Asubuhi tukaanza na Alhóndiga de Granaditas, ghala la nafaka ambamo Wahispania walijifungia mwaka 1810 vita vya uhuru vilipoanza. Wanasimulia kwamba mchimba madini mmoja, El Pípila, alijifunga bamba la jiwe mgongoni, risasi zikawa zinagonga jiwe, akajikokota mpaka mlangoni akautia moto. Mwaka uliofuata kina Hidalgo, viongozi wanne wa hivyo vita vya uhuru, wakauawa, vichwa vyao vikatundikwa kwenye pembe za jengo hilo, vikakaa miaka 10. Hapo nilinyamaza, hata miye nina adabu. Lakini huyu Pípila wamemchongea sanamu kubwa juu ya kilima, kwa kubeba jiwe siku moja! Miye mkoba wa Mama Salma ninao tangu saa mbili: chupa tatu za maji, mwavuli, na kitu kizito ambacho hataki kunambia ni nini. Sijaona wa kunichongea hata mbuzi ya nazi.

Mchana njaa. Mkahawani kijana akanambia "ahorita". Simu inatafsiri "sasa hivi". Kumbe ni ile sasa hivi ya fundi cherehani mkesha wa Idi. Mwisho zikaja enchiladas mineras, chakula cha wachimba migodi: chapati za mahindi zimechovywa kwenye rojo la pilipili, jibini ndani, viazi na karoti juu. Nilikuwa nimeuliza kama zinawasha, akasema haziwashi. Mmeksiko kukwambia pilipili haiwashi ni kama samaki kukwambia maji si mengi. Nililia mbele za watu.

Kisha Mama Salma akanipeleka kwenye makumbusho ya maiti. Ndiyo, maiti! Zamani mji huu ulitoza ada ya kaburi. Jamaa zako wasipolipa, unafukuliwa. Ardhi na hewa vilikuwa vimewakausha, wengine wametoka na nywele zao. Wa kwanza alitolewa mwaka 1865, daktari Mfaransa, Remigio Leroy. Kisa chake kilinikata maini: mgeni, hana ndugu wa kumlipia. Miye ambaye kila tarehe mosi mwenye nyumba ananikumbuka, nilikuwa najiliwaza kwamba kaburini hakuna kodi.

"Nikifa, kopa unirudishe Mwanakwerekwe," nikamwambia mke wangu.

"Ule mkopo wa gari umekwisha?"

Jioni miguu haipo tena, ndipo tukafika Callejón del Beso, Kichochoro cha Busu. Roshani mbili zinatazamana, nafasi kati yake sentimita 68. Kitambi changu kingeziba njia. Hekaya yao ni ya binti wa tajiri na kijana wa mgodini, baba akamchoma binti yake kisu. Sasa wapenzi wanaofika pale hubusiana kwenye kidato cha tatu cha ngazi, wapate bahati miaka saba. Ukipita bila kubusu, nuksi miaka saba. Kidato cha tatu miye hata shuleni kilinitoa jasho! Na foleni ya watu nyuma. Miaka 21 ya ndoa, Darajani hata mkono hatujawahi kushikana, leo nibusu mbele ya kadamnasi?

"Miaka saba ya nuksi, Baba Salma. Na ile kodi itapanda."

Alijua pa kunishika. Nikafumba macho, nikambusu shavuni upesi kama mtu anayelamba stempu. Watu wakapiga makofi. Tukateremka, miye nimejiinamia, nishaanza kuiona hoteli. Mama Salma akasimama. Anatazama picha kwenye simu, anahesabu kwa kidole.

"Tulisimama cha nne."

"Hesabu kuanzia juu."

Akanitwika mkoba, akageuka kupanda.