Neema Iliyolowesha Godoro

Nimezaliwa Tanga, na mtu wa Tanga hafundishwi Kiswahili. Hiyo ndiyo ilikuwa imani yangu kuu kabla sijavuka Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo. Ya Mungu nayo ilikuwepo, ila ya Jumapili kwa Jumapili, na sala zangu zilifanana na mama anayemtuma mtoto dukani: nipe hiki, usisahau kile, na chenji uirudishe.

Shule ndogo ya kanisa mjini Lubumbashi ilitaka mtu wa kufundisha watoto Kiingereza na kusaidia masomo ya Jumapili. Nikapata chumba katika komuni, yaani sehemu ya mji, iitwayo Kenya. Nilipompigia mama kumwambia nimefika salama, nakaa Kenya, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nina homa, maana aliniaga naenda Kongo. Salio lote liliishia kumweleza kwamba Lubumbashi nayo ina Kenya yake.

Jumapili ya kwanza nilianza na swali jepesi. Kwa Kifaransa changu cha kuokoteza nikawauliza watoto ni nani aitwaye "Tout-Puissant", yaani Mwenyezi. Darasa zima likainuka: "MAZEMBE!" Sikuwalaumu. TP ya TP Mazembe ndiyo hiyohiyo Tout-Puissant, na timu yenyewe ilianzishwa na wamonaki Wabenediktini mwaka 1939, kwa hiyo hata mimi niliona kuna ukoo kidogo. Nikahamia upesi kwenye aya ya kukariri: "Neema yangu yakutosha." Hiyo waliipokea kwa furaha ya ajabu, mpaka nikajisifu moyoni kwamba sasa mwalimu kafika.

Ikaja Oktoba. Mwezi huo kule ni mkali, jua limekolea, mvua bado, visima vimeshuka. Bomba la uani kwetu lilikuwa limekauka siku nne, na mimi nilikuwa nanukia bitoyo, wale samaki wa chumvi wa sokoni. Sijui nani aliwaambia watoto. Jumamosi asubuhi wakatokea sita, mkubwa wao hajafika miaka kumi na moja, wawili wawili na bidoni ya lita 20, wanaimba. Pipa langu la plastiki la lita 100 lilikaa ndani, kando ya godoro (kitanda sikuwa nacho), kwa kuwahofia mbuzi wa jirani. Wakaenda, wakarudi. Bidoni ya tano ikalijaza pipa mpaka shingoni. Wakanyanyua ya sita.

"Inatosha!" nikasema. Wakaganda, wakatazamana. "Inatosha, wanangu. Tosha, tosha!"

Yule mkubwa akauliza kwa heshima, "Yote, mwalimu?"

Nikadhani anaulizia pipa, kama limejaa lote. "Yote!"

Bidoni ikawekwa chini. Mikono kumi na miwili ikalishika pipa. *Un, deux, trois.*

Lita mia moja ukizisikia kwa masikio ni chache. Zilibeba ndala zangu, zikapita juu ya madaftari arobaini niliyokesha nikiyasahihisha, zikaingia ndani ya godoro kama zimeitwa. Nikapiga kelele, na mtu akipagawa hurudia neno lililoko mdomoni: "Tosha! Jamani, tosha!"

"Tunatosha, mwalimu!" wakaitikia, wakaongeza bidii. Mmoja akashika ufagio. Mdogo wao, aliyeonekana kunihurumia kwa haraka niliyokuwa nayo, akawa anachota sakafuni kwa kikombe na kwenda kumwaga nje.

Mama mwenye nyumba alifika amejishika mbavu. "Mwalimu, uliambia batoto batoshe. Balitosha!"

Ndipo nikaelezwa, maji yakiwa bado yametapakaa sakafuni. Kwa watu wa Lubumbashi kutosha ni kutoa, ni kuondoa: unatosha viatu, unatosha sahani mezani. Kitu kikiwa kiasi cha haja, wenyewe husema kinaenea.

Nikaketi juu ya bidoni. Mara ile aya ikanirudia. Wiki tano nzima watoto hawa walikuwa wakikariri nini? Nikawauliza: neema inatosha nini?

Yule mkubwa akanitazama kwa huruma. "Inatosha muntu. Ulianguka mu shimo, neema ya Mungu inakutosha."

Nikatafuta kosa la kusahihisha, sikuliona. Mtume Paulo mwenyewe, aliyevunjikiwa jahazi mara tatu, sidhani angebisha.

Wakabeba bidoni zao, wakarudi kisimani. Sikuwatuma, na kwa kweli nisingethubutu kufungua mdomo tena. Saa nane pipa lilikuwa limejaa, safari hii nje, na mbuzi wanywe wakitaka. Watoto wakalizunguka, wakamshukuru Mungu kwa maji, kwa kisima, kwa kamba ya kisima ambayo haikukatika, kwa mama wa mmoja wao aliyemaliza kuuza mikate yote jana. Hakuna aliyeomba kitu. Nikajaribu kukumbuka sala yangu ya mwisho isiyokuwa na "nipe", nikarudi nyuma miaka mingi bila kuipata.

Yule mdogo wa kikombe ndiye pekee aliyekuwa na ombi. Alifumba macho kwa nguvu mpaka pua ikakunjamana.

"Na mwalimu wetu, Mungu, umusaidie ajue Swahili."

Nikaitikia amina. Mtu wa Tanga mimi.